Kidoti cha Pili

Mwalimu wa hesabu alikuwa na maradhi ambayo shule yake haikuyajua: akiona picha nzuri, mikono ilimwasha mpaka aiharibu. Hakutumia wembe wala wino. Aliiharibu kwa hesabu. Aliiweka kwenye kompyuta, akaandika kanuni, akabonyeza, halafu akakaa na kikombe chake cha chai kuitazama ikipasuka kistaarabu.

Kanuni yenyewe haikuwa ya kutisha mtu. Picha ya kompyuta ni nukta zilizopangwa mistari kwa mistari, kama shanga kwenye nyuzi. Mwalimu aliuchukua kila mstari akausukuma kulia. Ausukume kiasi gani? Hapo aliiuliza sini, sini ile ile ya pembetatu ambayo wanafunzi wake waliikunjia uso kama dawa ya minyoo. Mstari wa juu unasogea kidogo, wa pili zaidi, unaofuata zaidi, kisha wimbi linageuka na mistari inaanza kurudi. Nukta ikisukumwa ikapita ukingo haidondoki. Namba ya mahali pake inagawanywa kwa upana wa picha, linachukuliwa baki, nayo inaingia upya kushoto, kama mgeni aliyetolewa mlango wa mbele akazungukia jikoni. Mwishowe nyekundu, kijani na bluu, kila rangi ilipewa wimbi lake. Kilichotoka kilifanana na televisheni iliyopigwa kofi. Wanaoyajua mambo hayo walikiita sanaa ya hitilafu. Mama yake alikiita "yale mambo yako".

"Hakuna kinachopotea humu," Mwalimu alipenda kusema. "Kila nukta ipo. Imehama tu."

"Hata mume wa jirani alihama tu," mama yake alimjibu siku moja, na mazungumzo ya sanaa yakaishia hapo.

Namba moja ndiyo iliyotawala yote: ukubwa wa wimbi. Mwalimu aliitengenezea kitufe cha kuvuta chini ya picha. Ukikivuta kulia kabisa, picha inakuwa mchanga. Ukikirudisha kushoto, mawimbi yanalala. Ukikifikisha mwisho wa kushoto, namba inakuwa sifuri, na sifuri mara sini yoyote ni sifuri, kwa hiyo hakuna mstari unaosogea na picha inarudi kama ilivyopigwa, safi, haina hata mkunjo.

Sifuri hiyo ndiyo iliyoleta maneno.

Ilianza pale ukumbi wa maonyesho ulipompa Mwalimu ukuta. Ukuta mzima, na meza moja mbele yake ya kuwekea kompyuta, watu waje wavute kitufe wenyewe. Alikuwa ameomba mara nyingi hadi akasahau kwamba ameomba. Sasa ukuta alikuwa nao, cha kutundika hakuwa nacho. Alijaribu picha ya ubao wa darasani, ikatoka zulia. Akajaribu ya ngazi za shule, ikatoka zulia jingine. Kanuni ilihitaji kitu ambacho jicho linakijua tangu kuzaliwa, ili kikivurugwa jicho lisikitike. Ilihitaji uso.

"Mama, naomba uso wako," alisema.

Mama alikuwa fundi cherehani, na wakati huo alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa kwanza. "Wangu nautumia."

"Wa kuazima."

"Azima wa mama yako mdogo. Wake una nafasi zaidi."

Mama mdogo alikuwa amekaa pale pale, akifungua mishono ya gauni la mteja aliyenenepa. "Mimi nikikaa kwenye ukuta wa watu, ukuta utaanguka," alisema. "Dada, mpe mtoto uso. Picha zote za ukoo huu umepiga wewe. Siku moja wajukuu watauliza kama uliwahi kuwepo."

Hilo lilikuwa kweli, na sababu yake ilijulikana na wote waliokuwa chumbani. Miaka kadhaa nyuma Mama aliamka asubuhi akakuta upande wa kushoto wa uso wake umegoma kazi. Pembe ya mdomo ilishuka, jicho likakataa kufunga sawasawa, na baada ya dawa na kukandwa na kusubiri, vyote viliamua kubaki vilivyo. Mama hakulia mbele ya mtu. Aliigeuza tu cherehani ili mteja akiingia akutane na upande wa kulia, upande mzuri, wenye kidoti cheusi shavuni alichosifiwa tangu usichana wake. Upande wa kushoto aliufunika kwa mtandio. Na kila penye sherehe alijitolea kushika kamera, kwa sababu mwenye kamera hapigwi.

"Nitauvuruga, Mama. Hata wewe hutajijua."

"Kwa hiyo unataka uso wangu kwa kuwa umeshaharibika, isikupe kazi?"

Mama mdogo ndiye aliyecheka, kicheko cha kugugumia kama bomba lenye hewa, na Mama, ambaye hakuwahi kuweza kumstahimili mdogo wake akicheka hivyo, naye akacheka. Mtandio ukamteleza. Nyuma yake fremu ya mlango ilikuwa imesimama wima, mwanga ukiingia. Mwalimu alipiga picha.

Jioni hiyo walikaa mbele ya kompyuta. Mwalimu alivuta kitufe, na Mama akauinamia uso wake unaopasuka kama anavyouinamia upindo wa sketi.

"Hiki ni kitambaa kilichoteleza chini ya mguu wa cherehani," aliamua.

"Ndiyo."

"Na watu watalipa waingie kuona mshono mbaya?"

"Kuingia ni bure."

"Afadhali." Alishika kipanya mwenyewe. Alikivuta kitufe kulia, akaridhika. Akakivuta kushoto, taratibu, mawimbi yakalala moja baada ya jingine, na pale mwisho akakutana na mwanamke anayecheka, mdomo umekimbilia upande mmoja na jicho la kushoto limekodoka. Aliutoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto.

"Hapa wasifike."

"Hawatafika."

"Sisemi wasitake. Nasema wasiweze."

Mwalimu aliandika palepale, Mama akimsimamia: kitufe kisishuke chini ya namba fulani. Kilipovutwa tena kilikwama njiani, picha ingali magugu matupu. Mama alikijaribu mara kadhaa kama anayejaribu komeo.

"Na mtu akinijua, mwanangu, mimi na wewe tutaanza kusalimiana kupitia kwa mama yako mdogo."

"Hakuna atakayekujua. Nakuahidi."

"Na mimi sitaki mshahara wa kupeleka salamu," alisema mama mdogo.

Ilibaki kuchapisha ile ya ukutani, kubwa, yenye wimbi la kutosha. Kwa kazi hiyo mji mzima ulimtegemea mtu mmoja, na mji mzima ulimwita Fundi Pasi.

Fundi Pasi alichapisha mabango, picha za harusi na sura za wagombea, na jina lake alilipata kwa haki. Hakuna kilichoingia dukani kwake kimepinda kikatoka kimepinda. Alinyoosha kola. Alinyoosha meno. Bwana harusi mmoja alitoka kwenye bango lake na nywele ambazo kichwa chake kilikuwa kimeziaga zamani, na ndugu wa bibi harusi wakauliza huyu ni yupi tena. Hata akikutembelea, kabla hajakaa ameshanyoosha pazia lako. Ungemkasirikia, ila alifanya yote hayo kwa moyo mweupe na tabasamu pana, na hakuongeza bei.

Mwalimu alimpitishia flashi yenye picha asubuhi akielekea shule, siku moja kabla ya ufunguzi. Alimkuta juu ya ngazi. Alimwambia vipimo, karatasi gani, ukumbi gani, kesho mchana. Hakumwambia kwamba picha imevurugwa makusudi. Si kwamba alificha. Alikuwa ameishi na picha za namna hiyo hadi akasahau kwamba kwa wengine ni ugonjwa.

Fundi Pasi aliifungua, akashika kichwa. Alikuwa ameona flashi nyingi zikifa, na zikifa ndivyo picha zinavyotoka: mistari imekatika, rangi zimeachana. Alimpigia Mwalimu. Mwalimu alikuwa akisimamia mtihani, na simu za wasimamizi zilikuwa zimezimwa na kufungiwa kabatini kwa mkuu wa shule. Akapiga tena. Halafu akaitazama picha, akamtazama kwa akili yake mwalimu maskini aliyepewa ukuta kwa mara ya kwanza, akamhurumia. Aliweka kando bango la harusi, akakunja mikono ya shati.

Kanuni hakuijua, wala hakuihitaji. Katikati ya vurugu aliona kipande cha mbao cheusi kinachojirudia kila mstari, mara hapa mara pale, na kwa kuwa ni mtu wa pima maji na kamba, alitambua kwamba hiyo ni fremu ya mlango. Fremu ya mlango husimama wima. Basi alichukua mstari mmoja mmoja, akausogeza mpaka mbao ikae juu ya mbao; kilichotokeza upande mmoja akakirudisha mwingine. Rangi akazipanga vivyo hivyo, moja juu ya nyingine. Mlango ulipokuwa ukijengeka, na mtu aliyekaa mbele yake alikuwa akijengeka. Wateja walikuja wakamkuta ameinama, wakaondoka.

Mchana ulipokaribia kwisha mistari yote ilikuwa imenyooka, na mbele yake alikuwa amekaa mwanamke anayecheka. Ila hakuridhika. Mdomo ulikuwa ungali umekwenda upande. Jicho la kushoto halikufanana na la kulia. Fundi Pasi alisonya. Alijua flashi inapokufa hubakiza sumu mahali fulani, na hapa sumu ilikuwa imebaki kwenye uso, kushoto. Dawa yake aliijua: alichukua nusu nzima ya kulia, akaigeuza, akaibandika kushoto, akalainisha kiungo. Mdomo ukakaa. Jicho likakaa. Alichapisha, akaitia kwenye fremu ya ubao, na keshoye akaipeleka ukumbini mwenyewe na kuitundika mwenyewe, kwa pima maji, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na skrubu.

Mwalimu alifika na kompyuta mkononi, wageni wa kwanza wakiwa wameshaingia. Aliuona ukuta wake kutoka mlangoni. Alisimama.

Mama yake alikuwa ukutani, mkubwa kuliko mlango halisi, akicheka kwa mdomo ulionyooka.

"Mwalimu," Fundi Pasi alimwita akijifuta mikono, "nimekuokoa. Flashi yako ilikuwa imekufa, nikakaa nayo siku nzima. Usiniulize gharama, hiyo ni zawadi."

"Haikuwa imekufa, fundi."

"Ulikuwa hujaifungua wewe. Ilikuwa supu."

"Hiyo supu ndiyo niliyopika."

Fundi Pasi alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena, akisubiri sehemu ya kuchekesha. Haikuja. "Kwa makusudi?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia msiba.

"Kwa hesabu. Miezi mizima. Na huyo ni mama yangu, nilimwahidi hataonekana, naye yuko njiani. Ishushe."

"Mama yako? Mzuri, jamani."

"Fundi. Ishushe."

Alitoa bisibisi mfukoni na kuanza na skrubu ya juu kushoto. Mwalimu alikuwa amepanda kiti kushika upande wa pili pale aliposikia nyuma yake kicheko cha bomba lenye hewa kikianza, na kikakatika katikati. Mama mdogo alikuwa amefika. Na aliyesimama kando yake, mtandio umefika karibu na jicho, alikuwa Mama.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi Pasi, bisibisi ingali kwenye skrubu.

"Marahaba. Acha hapo hapo."

Mama alisogea. Aliitazama picha kwa muda ambao Mwalimu, juu ya kiti, hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mama, si mimi. Sikukusudia. Nitaeleza."

"Shuka kwenye kiti kwanza, watu wanaona soli zako." Mama alikuwa haondoi macho ukutani. "Huyu nani?"

"Ni wewe, dada," alisema mama mdogo, sauti imepungua. "Kabla."

"Kabla nilikuwa na kidoti kimoja."

Wote walitazama. Kilikuwepo cha kulia, pale pale kilipozaliwa. Na kushoto, umbali ule ule toka puani, kilikuwepo kingine, pacha wake. Nusu moja iliyogeuzwa huja na vyake vyote.

"Na pengo langu la jino la kushoto liko wapi?" Mama aliendelea, kwa sauti ya fundi anayepokea gauni lililoshonwa na mtu mwingine. "Hizi nywele hazijawahi kugawanyika hapo. Huyu si mimi kabla, wala si mimi sasa. Huyu mmemtoa wapi?"

Kabla ya jibu kupatikana, alipita mgeni mmoja, mwanamume wa suti aliyeshika glasi ya juisi na simu. Alisimama mbele ya picha, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Uso wa namna hii siku hizi haupo," alimwambia Mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Umelingana pande zote. Bila shaka ni mwigizaji."

"Ni mimi huyo," alisema Mama.

Mgeni alicheka kwa adabu, kama watu wanavyowachekea wazee wenye utani. "Samahani, mama, sogea kidogo. Unaniingilia kwenye picha."

Mama alisogea. Mgeni alipiga picha yake, akashukuru, akaenda zake.

Ahadi, basi, ilikuwa imetimia kuliko ilivyoahidiwa. Mwalimu alikuwa amesema hakuna atakayemjua, na hakuna aliyemjua, akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye uso wake. Kilichohitajika hakikuwa sini wala baki. Kilihitajika kidoti cha pili. Mwalimu aliliona hilo, na akaona pia kwamba mama yake ameliona.

"Hiyo kompyuta yako iko wapi?" Mama aliuliza.

Mwalimu aliiweka mezani, akaiwasha. Picha ya kweli ilitokea, ile yenye mawimbi, mistari inatembea kulia na kushoto, nyekundu imeachana na bluu. Mama alivuta kiti. Alishika kipanya, akakirudisha kitufe kushoto. Mawimbi yakaanza kulala. Kitufe kikakwama.

"Mbona kinagoma?"

"Ulisema wasiweze, Mama. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Wewe."

"Basi ahadi ni yangu, na mwenye nayo ameichoka. Kifungue."

"Mama, watu ni wengi."

"Nawaona. Jicho moja halifungi, lakini linaona."

Mwalimu aliinama, akaitafuta ile namba katikati ya maandishi, akaifuta, akaweka sifuri. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Halafu akarudi nyuma, kwa sababu alihisi kwamba mkono wake haufai kuonekana karibu na kipanya.

Mama alivuta. Fremu ya mlango ilijipanga kwanza. Nyekundu ikarudi juu ya kijani, bluu juu ya zote, shavu likapata kidoti chake, kimoja. Kisha mdomo ukakusanyika kutoka pande zote, na ulipokwisha kukusanyika ulikuwa umekwenda upande, unacheka, jicho limekodoka kwa furaha, na pengo la jino mahali pake. Mama hakuutoa mkono.

Mgeni wa suti alikuwa amerudi kuona kinachovutwa. Alitazama kompyuta. Akatazama ukuta. Halafu akamtazama mwanamke aliyekaa kwenye kiti, ambaye alikuwa ameushusha mtandio mabegani kama mtu anayesikia joto.

"Ah," alisema mgeni. Glasi ya juisi ilimwia nzito ghafla. "Kumbe."

"Nilikwambia," alisema Mama.

Fundi Pasi alikuja kwa upande, amekunja shingo, akichungulia kioo cha kompyuta kwa macho ya kazi. Kidole chake kilikuwa kimeanza kunyanyuka kuelekea kwenye ule mdomo.

"Wewe," Mama alimwambia bila kugeuka, "kaa mbali na mimi."

"Sigusi, mama."

"Fremu ya mlango umeinyoosha vizuri. Huko kwingine usirudi."

"Nimalizie kuishusha ile?" Fundi Pasi aliuliza, akionyesha ukuta na bisibisi.

Mwalimu alimtazama mama yake. Mama aliinua bega moja. "Ibaki. Waone kazi ya pasi na waone kazi ya kitambaa, wachague."

"Wakimaliza kuchagua, mwenye vidoti viwili nitamchukua mimi," alisema mama mdogo, sauti imemrudia. "Nimtundike sebuleni. Wageni wakiuliza nitasema ni dada yangu mwingine, yule mpole."

Mama alianza kucheka, na watu wa karibu wakapata kuona namna picha ile ilivyopatikana.

Wageni walijipanga mezani kuvuta kitufe. Wengi walikivuta kulia kwanza, wakafurahia mchanga, kisha kushoto, wakageuka kumtazama Mama, wakampa mwenzao. Mwalimu aliulizwa maswali ya sini akayajibu. Kiti cha Mama hakikuondolewa. Alikaa kando ya kompyuta hadi ukumbi ulipoanza kupungua watu, upande wa kushoto ukielekea mlangoni, na kila aliyeingia alianza na upande huo. Mtoto mmoja wa kike aliyekuwa akivuta kitufe huku na huku alimuuliza kama inauma.

"Kitufe?"

"Mdomo."

"Hauumi," alisema Mama. "Umehama tu. Vuta polepole, utakata uzi."